Mtoto alipaliwa na karanga, nikaambiwa baada ya wiki 5

SWALI

Shikamoo Sista,

Naishi Kahama, nauza vitenge sokoni, nina watoto wawili wa kiume. Mkubwa ana miaka 5, mdogo ana miezi 22. Nakuandikia usiku huu mdogo akiwa amelala kifuani kwangu, nimemweka wima, maana nikimlaza chali anakohoa mpaka anatapika.

Wiki 5 zilizopita nilirudi nyumbani jioni nikamkuta ana kikohozi kikavu. Nikasema ni vumbi, kiangazi cha huku unakijua. Siku ya tatu akapata homa. Kituo cha afya wakasema nimonia, wakatupa amoksilini za kuyeyusha kwenye maji. Homa ikashuka, kikohozi kikabaki. Dozi ilipoisha hazikupita siku 4, homa ikarudi. Tukaenda hospitali nyingine, akapigwa picha ya kifua, tukaambiwa picha ni safi, basi itakuwa pumu. Tukapewa pampu. Kwetu hakuna mwenye pumu, si upande wangu wala wa baba yake, lakini nilimpulizia asubuhi na jioni kama nilivyoelekezwa. Usiku nikiweka sikio mgongoni kwake nasikia kama filimbi, upande mmoja tu.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alimfungua mtoto mdomo, akamulika na tochi ya simu, akasema hiki ni kimeo, mnamaliza hela bure hospitalini. Akaagiza fundi aje Jumapili kukikata. Mume wangu hakukataa. Mimi nami, Sista, nilikuwa nimechoka. Nilikataa moyoni tu.

Jumamosi usiku dada anayenisaidia kazi, binti wa miaka 19, alinifuata uani nikianua nguo. Mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni ya vyombo. Akapiga magoti, akasema, "Mama, wasimkate mtoto. Ni karanga." Ndipo akaniambia. Siku ile alikuwa amekaanga karanga, anazipepeta maganda kwenye ungo. Mdogo akachota, akajaza mdomo, kaka yake akawa anamkimbiza, wanacheka. Mara mtoto akasimama palepale, kakodoa macho, hatoi sauti, midomo ikawa myeusi. Dada akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini, akampiga mgongoni, akampuliza utosini, akampa maji. Baada ya muda mtoto akakohoa sana, akalia, akatulia, akarudi kucheza. Dada akaona yamekwisha. Hakuniambia kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimemfokea mpaka majirani wakasikia, kisa kikombe kilichovunjika.

Jumapili sikumngoja fundi. Alfajiri nilimbeba mtoto, nikaongozana na dada mpaka hospitali, akaeleza mwenyewe. Daktari akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema upande wa kulia hewa haiingii kama kushoto. Akaandika rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza. Akasema mtoto atalazwa usingizi, waingize bomba kwenye njia ya hewa, waitoe.

Sasa nyumbani hapakaliki. Mume wangu anasema karanga ni chakula, itaoza itoke yenyewe, na kama picha ilikuwa safi hiyo karanga imetokea wapi. Mama mkwe anasema nusu kaputi inaua watoto, kuna mtoto wa jirani yao hakuamka, na hilo bomba ni madaktari wanataka kujifunzia. Jambo moja tu wanakubaliana wote wawili, kwamba dada arudishwe kwao. Nifanyeje, Sista? Na kama mimi ndiye ningekuwepo nyumbani siku ile, nilitakiwa kufanya nini?

Mama wa wawili, Kahama

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nenda Mwanza. Kama una nafasi ya kusoma mstari mmoja tu kabla mtoto hajaamka, uwe huo. Na kama kabla ya safari ataanza kuvuta pumzi kwa shida, mbavu zikawa zinabonyea ndani kila anapovuta, midomo ikabadilika rangi, au akashindwa kunywa na kulia kwa sababu ya kukosa pumzi, usingoje basi la asubuhi. Rudi hospitali iliyokupa rufaa saa hiyohiyo, mtoto apewe oksijeni na gari la wagonjwa.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha upasuaji cha masikio, pua na koo, kazi yangu ikiwa kumpa daktari vifaa mkononi. Barua kama yako nimezisikia kwa mdomo mara nyingi sana, na karibu zote zina kipande kile ulichoandika katikati: "akatulia, akarudi kucheza." Hicho ndicho kipande kinachotuponza. Kitu kikipita kwenye zoloto, pale panapotoka sauti, mwili unapambana nacho kwa kikohozi kikali, mtoto anageuka rangi, kila mtu anapiga kelele. Kikishashuka zaidi, kikaingia kwenye tawi moja la bomba la hewa, pale hapana ukali ule wa koo. Kikohozi kinapungua. Mtoto anapumulia pafu la upande wa pili na anaonekana mzima. Utulivu huo unaweza kuchukua saa chache au wiki kadhaa. Mwanao hakupona siku ile. Karanga ilipata mahali pa kukaa.

Mara nyingi mahali penyewe ni kulia, kama daktari wenu alivyosikia. Bomba la hewa likigawanyika, tawi la kulia ni pana zaidi, fupi, na limenyooka kuelekea chini kuliko la kushoto, kwa hiyo kinachodondoka huelekea huko. Usifikirie bomba kubwa. Kwa mtoto wa umri wa wako, upana wake unakaribia kidole chake kidogo cha mwisho. Mshike kidole hicho sasa hivi alivyolala, kisha fikiria nusu ya karanga iliyokaangwa.

Mumeo anasema itaoza. Nimwombe asome hapa taratibu, bila hasira, maana najua naye anasema hivyo kwa sababu anampenda mwanawe na anaiogopa hiyo safari. Tumboni karanga inakutana na maji makali ya kusaga chakula. Kwenye mapafu hakuna kitu hicho. Kuna unyevu, kwa hiyo karanga inavimba na kulainika, na mafuta yake yanauchoma utando wa ndani. Utando nao unavimba, unaota vinyama vyekundu vinavyotoka damu ukivigusa, na makohozi yanajikusanya nyuma ya hapo. Hiyo ndiyo homa iliyoondoka na kurudi. Amoksilini ilikuwa inatibu nimonia ya kweli, ila nimonia hiyo ilikuwa na mwenyeji wake ndani. Ikiachwa miezi, pafu la upande huo linaweza kuharibika moja kwa moja. Kuitoa kwa kukohoa hutokea kwa nadra sana, na si jambo la kulingojea: karanga ikipanda inaweza kukwama kwenye bomba kubwa au kwenye zoloto, pale ambapo haizibi pafu moja bali yote mawili.

Na picha safi? Eksirei inaonyesha vizuri mfupa na chuma. Sarafu utaiona inang'aa kama mwezi. Karanga, punje ya mahindi, harage, mbegu ya tikiti, kipande cha plastiki, vyote hivyo mwanga wake unapenya, havionekani. Daktari anachoweza kuona ni athari tu. Mtoto akivuta pumzi, tawi la hewa hupanuka kidogo, hewa ikapenya pembeni ya karanga. Akitoa pumzi, tawi hubana, hewa ikanaswa ndani. Pafu la upande huo linajaa kama puto. Hali hiyo huonekana zaidi picha ikipigwa wakati mtoto anatoa pumzi, na nani amwambie mtoto wa miezi 22 atoe pumzi asubiri? Kwa hiyo picha inaweza kuwa safi na karanga ikawa ndani. Waliokutibu mwanzo sitawalaumu. Walipewa mtoto mwenye kikohozi na homa bila simulizi ya karanga, wakatibu kikohozi na homa. Ila ile filimbi ya upande mmoja uliyoisikia kwa sikio lako mwenyewe usiku, hiyo iseme tena utakapofika Mwanza. Pumu hupiga filimbi pande zote mbili.

Sasa kimeo. Mama mkwe wako anatoka kwenye kizazi kilichowaona watoto wengi wakikohoa, na fundi alikuwa ndiye mtu wa karibu. Naheshimu hilo. Lakini kile kinachokatwa ni kidakatonge, kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, ambacho kila binadamu anacho. Hakisababishi kikohozi cha wiki 5. Kukikata kunaleta damu nyingi, na mtoto wa umri huu hana damu ya kupoteza. Kunaleta usaha, na wembe au kisu kichafu kinaweza kuleta pepopunda. Mtoto wako tayari anapumulia pafu moja na kidogo. Damu ya koo ingeteremkia kwenye njia hiyohiyo ya hewa. Binti aliyepiga magoti uani alimwokoa na jambo hilo, na nitarudi kwake.

Nusu kaputi. Hapa sitakudanganya kwamba haina hatari hata chembe. Kazi hii ni moja ya zile zinazowatia jasho wataalamu wa usingizi, kwa sababu daktari wa upasuaji na mtoa usingizi wote wanaitaka njia ileile ya hewa kwa wakati mmoja. Lakini wanaijua. Bomba lenyewe ni la chuma, limenyooka, jembamba kadiri ya umri wa mtoto. Lina tundu pembeni ambalo oksijeni inapitia muda wote, na ndani yake inapita lenzi ndefu yenye taa na koleo ndogo iliyo nyembamba kama sindano ya kufumia. Hakuna kisu. Hakuna mshono. Linapita mdomoni. Kazi yenyewe mara nyingi haifiki saa moja.

Nikuelezee dakika ile ambayo chumba kizima kinanyamaza. Daktari ameshaiona karanga, imekaa kwenye tawi la kulia, kahawia, imezungukwa na wekundu. Anafyonza makohozi kwanza. Anafungua koleo, anaishika bila kuibana sana, kwa sababu iliyokaa wiki 5 imelainika na ukiibana inamung'unyika vipande vipande. Kisha anavuta vyote pamoja, koleo, lenzi na bomba, polepole, kupita kwenye zoloto. Pale ndipo inaweza kuponyoka. Ikiponyoka na kuziba bomba kubwa, anachofanya daktari mzoefu ni kuisukuma irudi chini kwenye tawi moja, ili pafu la upande wa pili lipate hewa, kisha anaanza upya. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mashine inayopima oksijeni hubadilisha mlio, unakuwa mzito, unashuka, halafu ule mlio unapanda tena na watu wote mnapumua pamoja na mtoto.

Kwa hiyo nikilinganisha hatari mbili, ya kumlaza mtoto usingizi mbele ya watu wenye vifaa, na ya kumwacha na karanga inayoweza kuhama usiku mkiwa Kahama, sina mashaka. Kuhusu mtoto wa jirani sijui kilichompata na sitamsemea. Ninachokuomba ni uwape watoa usingizi wa mwanao taarifa zote: kama ana mafua au homa siku hiyo, kama kuna dawa inamdhuru, kama kwenye familia kuna selimundu, maana kanda yenu ina ugonjwa huo kwa wingi, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na dawa za usingizi. Na usimlishe chochote kwa kumwonea huruma. Watakupa saa zao, kwa kawaida saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Bibi akimpa kipande cha andazi kwa siri kwa sababu mtoto analia njaa, chakula hicho kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Mwambie mama mkwe hivyo kwa upole kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu madaktari kutaka kujifunzia: daktari wa Kijerumani aitwaye Gustav Killian aliutoa mfupa wa nyama kwenye tawi la kulia la mkulima mmoja huko Freiburg mwaka 1897, kwa bomba na taa. Kabla ya hapo watu wengi wenye kitu mapafuni walikufa polepole. Marekani, daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia aliendeleza kazi hiyo na kuhifadhi vitu 2,374 vilivyotolewa kwenye koo, umio (njia ya chakula) na njia za hewa; bado vimewekwa kwenye droo katika makumbusho ya Mütter mjini humo, pini, vifungo, mifupa, mbegu. Na hapo Bugando penyewe, mwaka 2011 madaktari walichapisha hesabu ya wagonjwa wao wa aina hii. Kilichoongoza kwenye njia ya hewa kilikuwa karanga, kwenye umio sarafu. Mwanao anakwenda mahali ambapo karanga si ngeni.

Baada ya kutoka atakuwa na sauti ya kukwaruza siku moja mbili, huenda akapewa dawa ya kupunguza uvimbe wa koo, na watamwangalia wodini angalau mpaka kesho yake. Kwa kuwa imekaa muda mrefu, inawezekana wakakwambia vipande havikutoka vyote na mtoto arudi chumbani mara ya pili. Wakisema hivyo usione wamekosea. Wanangoja uvimbe ushuke. Mara chache sana kitu kinashindikana kutoka kwa njia hiyo na inabidi kifua kifunguliwe, na kadiri mnavyochelewa ndivyo uwezekano huo unavyokua.

Fedha hukuitaja, lakini muuza vitenge namjua. Sera ya serikali ni kwamba mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Bugando ni hospitali ya kanisa inayoshirikiana na serikali, kwa hiyo uliza mapema utaratibu wao, beba kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya rufaa na bima kama mnayo. Ukikwama nenda ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hapohapo hospitalini. Usiogope mlango ule, umewekwa kwa ajili yako.

Uliniuliza ungefanya nini siku ile. Kwanza ungemtazama: anakohoa kwa sauti, analia? Basi kikohozi hicho ni dawa kuliko mkono wako. Mwache akohoe, kaa karibu, usimpe maji wala tonge la ugali la kusukuma, usiingize kidole kutafuta usichokiona, kwa maana kidole kinashindilia. Utosi hauna njia ya hewa, kuupuliza kunapoteza muda tu. Kumning'iniza miguu juu nako tuache.

Akinyamaza, mdomo wazi, macho yametoka na hakuna sauti, hapo ndipo mkono unahitajika. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja mwinamishe mbele, mpige mara 5 kwa nguvu katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Isipotoka, piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia mgongo, rudia tumbo, mpaka itoke au alegee. Mchanga wa chini ya mwaka mmoja usimbane tumbo kamwe: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umsukume kwa vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, mara 5. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze chini, mpulizie pumzi mdomoni, mbane kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, huku mwingine anatafuta gari. Waombe kliniki wakuonyeshe kwa mikono, kusoma hakutoshi. Na hata akitema kitu akapona, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Aliyepaliwa na karanga mbili anaweza kutema moja.

Hatua hizi ni za dakika ile ya kupaliwa. Leo usimfanyie hata moja. Usimpige mgongo ili "iteremke". Mbebe wima, alale namna anayojichagulia, asilie bila sababu.

Karanga wala usizichukie. Zisage uzitie kwenye uji, ni chakula kizuri mno kwa mtoto. Nzima nzima asipewe mpaka afike miaka 4 au 5, magego yameota na ameacha kula huku anakimbia. Vivyo hivyo bisi, mahindi ya kukaanga, korosho, pipi ngumu, na ubuyu. Naupenda ubuyu kama mtu mwingine yeyote, lakini mbegu yake ndogo, ngumu na yenye utelezi nimeikuta kwenye bomba la hewa la mtoto wa miaka 2. Angalia pia maharage makavu unapochambua mkekani, shanga za kusukia nywele, vifuniko vya kalamu, pini za mtandio ambazo wasichana wanazishika kwa meno wanapojifunga. Na zile betri bapa za saa na rimoti: mtoto akimeza moja ikakwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Hiyo haisubiri kuonekana kwenye choo.

Nimebakiza dada.

Mwanangu, usimrudishe kwao. Najua unasikia uchungu, wiki 5 si mchezo. Lakini angalia ni nani aliyeleta jibu katika nyumba hiyo. Vidonge havikulileta, wala pampu, wala picha. Alileta yeye, kwa maneno mawili, akijua atafukuzwa. Madaktari wa kazi hii wana kauli moja ambayo nimeisikia kwa kila niliyefanya naye kazi: aliyemwona mtoto akipaliwa akisema amepaliwa, mwamini, hata kama kifua kinasikika vizuri na picha ni safi. Niliwahi kumpokea mtoto aliyetibiwa kifua kikuu miezi kadhaa, tukatoa kifuniko cha kalamu. Kaka yake wa darasa la pili alijua tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza, na yeye aliogopa fimbo.

Alikosea kunyamaza, ndiyo, na mwambie hivyo mkiwa wawili. Kisha mwambie nawe ulikosea kwa kile kikombe. Mkubwa naye msimwache nje, ana miaka 5 na alikuwa anamkimbiza mdogo wake. Huenda anaamini yeye ndiye amemuua. Mkalishe, mweleze kwamba alikuwa anacheza tu, na mdogo anakwenda kutolewa karanga.

Mumeo akikataa kumbakiza dada, mwambie kuna sababu ya kitabibu ya kumhitaji wiki hii, na ni kweli. Mkifika wodini, daktari atataka kujua: ilikuwa karanga nzima au nusu, ilikaangwa au mbichi, ni siku gani hasa, mtoto aligeuka rangi kwa muda gani, aliacha kutoa sauti kabisa au alikuwa anakoroma, alitema chochote. Majibu hayo yanamsaidia kuchagua koleo ya kuandaa na kujua ni vipande vingapi avitafute. Wewe huyajui, ulikuwa sokoni. Kata tiketi mbili.

Sista